Nani Aliizima Mitambo ya Jua ya Maadi?

Kisa cha George Cove kinapendwa sana na kila anayeamini kwamba tungekuwa tunatumia umeme wa jua tangu enzi za babu zetu, kama si hila za matajiri wa makaa na mafuta. Cove alikuwa mvumbuzi mwenye asili ya Kanada. Mwaka 1909 alikuwa New York, akionyesha wawekezaji paneli aliyosema inazalisha umeme kwa jua na kuuhifadhi kwenye betri. Oktoba ya mwaka huo akatoweka. Alipoonekana tena, karibu na bustani ya wanyama ya Bronx, alisimulia kwamba alitekwa na watu waliomtaka aachane na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, na kwamba aliahidiwa dola 25,000 na nyumba ikiwa angekubali. Polisi hawakumwamini. Miaka miwili baadaye alijikuta gerezani kwa udanganyifu wa hisa, na kampuni yake ikafa.

Naelewa kwa nini kisa hiki hakichoki kusimuliwa. Kina mtu mdogo mwenye akili, kina wakubwa wasio na sura, na kinajibu kwa mkato swali linalouma: kwa nini bara lenye jua kali kuliko yote bado lina mamilioni ya watoto wanaosoma kwa kibatari? Lakini kwa maoni yangu kisa cha Cove, kiwe cha kweli au cha kutungwa, kimetupotezea muda mwingi. Kimetuzoesha kumtafuta mtekaji. Waliolizuia jua kwa zaidi ya miaka mia hawakuhitaji kamba wala gari la kubebea mateka. Walikuwa na mkataba wa biashara, kifungu cha kodi na serikali iliyokuwa mwanahisa wao. Yote hayo yalifanyika mchana, yakapigiwa kura na kuchapwa magazetini.

Twende Maadi. Leo ni mtaa wa kusini mwa Cairo wenye miti mingi na nyumba za mabalozi. Mwaka 1913 yalikuwa makazi machanga kando ya Nile, na hapo ndipo Mmarekani Frank Shuman alipojenga mtambo wa jua ambao hadi leo wahandisi wanauzungumzia kwa heshima. Shuman hakuwa tapeli wala mtu wa ndoto za mchana. Alikwisha kutajirika kwa kuvumbua namna ya kutengeneza kioo chenye wavu wa waya ndani yake, kile ambacho kikipasuka vipande havimwagiki. Nyumbani kwake Tacony, Philadelphia, alifanya majaribio ya kuendesha injini ndogo kwa joto la jua, akaanzisha kampuni, kisha akaenda kutafuta mtaji London. Wenye fedha walimtaka kwanza asikilize ushauri wa wataalamu, na mwanafizikia Charles Vernon Boys akapendekeza vioo vikunjwe mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, ili miale yote ikutane kwenye mstari mmoja katikati.

Yakajengwa mahori matano ya vioo, kila moja likiwa na urefu wa mita 62 hivi na upana wa mita 4. Yalikuwa yanageuka yenyewe kulifuata jua kutoka asubuhi hadi jioni. Kwenye ule mstari wa katikati iliwekwa boila nyembamba ndefu yenye maji, maji yakawa mvuke, mvuke ukaendesha injini na injini ikaendesha pampu. Jaribio la mwanzo, mwaka 1912, lilikwama kwa sababu ambayo peke yake ingetosha kumtia moyo Shuman: boila zilikuwa za zinki, na jua la Misri likaziyeyusha. Akaziondoa, akaweka za chuma. Kiangazi cha 1913 wakubwa wa Cairo walialikwa kushuhudia, akiwemo Lord Kitchener, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa na sauti ya mwisho nchini Misri. Pampu ilivuta zaidi ya lita 20,000 za maji kwa dakika na kuyamwaga mashambani.

Kilichofanya Maadi iwe tofauti na maonyesho mengine ya jua ni hesabu yake. Misri haikuwa na makaa ya mawe. Kila gunia lilitoka Uingereza kwa meli, likapitia bandarini, likapanda reli, na kila aliyeligusa akachukua chake. Kwa hiyo hapo jua lilikutana na makaa kwenye uwanja ambako makaa ndiyo yalikuwa mgeni, na gharama yao ikaonekana bila kificho. Kitchener aliona. Aliahidi kumpa Shuman shamba la pamba la ekari 30,000 nchini Sudan. Bunge la Ujerumani nalo likatenga fedha zenye thamani ya dola 200,000 ili mtambo kama huo ujengwe katika koloni lao la Kusini Magharibi, Namibia ya leo. Shuman mwenyewe alikokotoa kwamba kipande cha jangwa la Sahara cha maili za mraba 20,250 kingetosha kuipa dunia nguvu sawa na zile zilizotokana na nishati zote zilizochimbwa mwaka 1909.

Sitaki kuupamba mtambo huu kupita kiasi. Pamba ya Sudan ilikuwa inatakiwa na viwanda vya Lancashire, na mkulima wa Gezira, huko Sudan, hakuulizwa kama anataka pampu ya jua au ya makaa. Koloni lilikuwa koloni hata likiendeshwa na miale. Lakini kama ni suala la teknolojia, mwaka 1913 swali la "inawezekana?" lilikuwa limekwisha kujibiwa kwenye ardhi ya Afrika.

Juni 1914 Bunge la Uingereza lilipiga kura. Winston Churchill, aliyekuwa na dhamana ya jeshi la majini, alikuwa amekwisha kuamua manowari ziache makaa zitumie mafuta, na sasa aliomba pauni milioni 2.2 za umma zinunue zaidi ya nusu ya hisa za Anglo-Persian, kampuni iliyoundwa baada ya mafuta kupatikana Uajemi mwaka 1908 na ambayo leo tunaijua kama BP. Akapewa. Miezi miwili baadaye vita vikalipuka. Wahandisi wa Maadi wakarudi kwao. Vyuma vya mtambo vikaishia kwenye chakavu cha vita. Shuman akafariki mwaka 1918, vita vikiwa bado havijaisha, na ahadi ya ekari 30,000 ikafa naye.

Ukiuliza nani aliizima mitambo ya Maadi, jibu la haraka ni vita. Sikatai. Ila vita vilikwisha mwaka 1918, na vioo vinaweza kukatwa upya. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba dola kubwa kuliko zote duniani ilikuwa sasa mwenye duka la mafuta. Manowari haiwezi kubeba jua, hilo halina ubishi, na Churchill alikuwa na hoja ya kijeshi iliyosimama. Tatizo ni kwamba visima, mabomba na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Abadan, huko Uajemi, havikubaki kuwa vya jeshi. Mtaji wa umma ulipokwisha kulipa sehemu ngumu ya kazi, mafuta yale yalishuka sokoni yakiwa na bei ambayo hakuna mwenye mahori ya vioo angeweza kushindana nayo. Kila aliyenunua injini ya dizeli ya kuvuta maji katika miaka iliyofuata alikuwa ananunua pia matunda ya ile kura ya Juni 1914, bila yeye kujua. Ahadi kwa Shuman ilikuwa ya mdomo. Ya Anglo-Persian ilikuwa na muhuri wa hazina.

Si mara ya kwanza hilo kutokea. Nusu karne kabla yake Augustin Mouchot, mwalimu wa hesabu wa mji wa Tours nchini Ufaransa, alishikwa na hofu kwamba makaa ya Ulaya yatakwisha, akaanza kuendesha injini ndogo kwa jua. Alimwonyesha Napoleon wa Tatu, akapata ufadhili wa serikali, akapelekwa Algeria ambako Ufaransa ilikuwa na jua tele na makaa hakuna. Kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka 1878 alitengeneza barafu kwa joto la jua mbele ya umati, akatunukiwa medali ya dhahabu. Kisha serikali ikaunda tume, tume ikapima, na jibu likawa kwamba haina faida. Lakini faida ikilinganishwa na nini? Na makaa ambayo mkataba wa biashara wa mwaka 1860 kati ya Ufaransa na Uingereza ulikuwa umeyapunguzia ushuru, na ambayo reli mpya zilikuwa zinayafikisha hadi mlangoni mwa kiwanda. Tume haikusema uongo. Ilipima jua lisilo na msaada dhidi ya makaa yaliyobebwa mgongoni na serikali ileile, ikaandika matokeo. Mouchot akarudi darasani, na alifariki Paris mwaka 1912 akiwa maskini.

Kuna mfano mwingine ambao naupenda zaidi kwa sababu hauna wafalme wala manowari ndani yake. Una maji ya kuoga tu. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore alipata hataza ya hita ya maji ya jua, sanduku lenye kioo juu na matangi meusi ndani, lililouzwa dola 25. Kusini mwa California, ambako makaa yaliletwa kutoka mbali, watu wakalipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1909 William Bailey akaboresha: akatenganisha sehemu ya kupasha moto na tangi, tangi akaliweka ndani ya nyumba na kulifunika vizuri, kwa hiyo maji yakabaki ya moto hadi asubuhi. Kampuni yake akaiita Day and Night, usiku na mchana. Ilifanya biashara nzuri hadi gesi asilia ilipopatikana kwa wingi karibu na Los Angeles katika miaka ya 1920. Kampuni za gesi zikaja na vivutio vya kuwaunganisha wateja, na Bailey akageuka kuwa mtengenezaji wa hita za gesi. Hakuna aliyemteka. Alifanya hesabu kama mfanyabiashara yeyote.

Florida, ambako gesi hiyo haikuwepo, hita za jua ziliendelea kuuzwa, na kufikia mwaka 1941 zaidi ya nusu ya wakazi wa Miami walikuwa wanaoga maji yaliyopashwa na jua. Sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kusikia hilo. Vita vya Pili vikaleta vizuizi vya shaba, malighafi kuu ya hita hizo. Baada ya vita kampuni ya umeme, Florida Power & Light, ikaingia sokoni kwa nguvu ikisukuma hita za umeme kwa bei ya kuvutia, kwa sababu mteja mwenye hita ya umeme ni mteja wa kila siku. Paa kwa paa, zile za jua zikaachwa kupata kutu.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Mwenye hita ya jua analipa mara moja, halafu anapotea kwenye vitabu vya muuzaji. Mwenye hita ya umeme au ya gesi anarudi mwisho wa kila mwezi. Makaa yana mgodi unaoweza kuwekwa lango, mafuta yana kisima na bomba, umeme wa gridi una nguzo na mita. Jua linamwagika bure kwa tajiri na maskini, na hakuna pa kusimama ukakata tiketi. Tusishangae basi kwamba biashara kubwa za nishati ziliegemea upande mwingine, wala tusiwape sifa ya ushetani wasiyoihitaji. Walifuata pesa inayorudi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: makaa na mafuta yalikuwa na ubora wa kweli. Yanahifadhika, yanasafirishika, yanawaka usiku na siku ya mawingu. Seli za seleniamu alizotengeneza Charles Fritts mwaka 1883 ziligeuza kiasi cha asilimia 1 tu ya mwanga kuwa umeme, na hata seli ya silikoni iliyotangazwa na maabara za Bell mwezi Aprili 1954 ilifikia asilimia 6 kwa gharama ambayo ni vyombo vya angani pekee vingeweza kuibeba. Anayesema kijiji cha Kondoa kingewaka sola mwaka 1910 kama si njama, anadanganya. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo, na nadhani ni kizito zaidi: teknolojia hupevuka kwa kutumiwa, na jua lilinyimwa nafasi ya kutumiwa kila lilipoanza kutembea. Wakati huohuo mafuta yalikuwa yanabebwa. Mwaka 1926 Marekani iliwaruhusu wenye visima kutoa asilimia 27.5 ya mapato ya kisima kwenye hesabu ya kodi, kwa hoja kwamba mali yao ardhini inapungua. Kiwango hicho kilidumu hadi mwaka 1969. Nani aliwahi kumpa mwenye kioo nafuu kwa sababu jua halipungui?

Wale wanaodai kwamba kampuni za mafuta zilinunua sola ili ziizike wana kazi ya kueleza ukweli mmoja. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Elliot Berman alifadhiliwa na Exxon, akashusha bei ya paneli kutoka kiasi cha dola 100 kwa wati hadi 20, na miongoni mwa wateja wa mwanzo ilikuwa mitambo ya mafuta ya Ghuba ya Meksiko, ambayo ilihitaji taa za kuonya meli na ilikuwa imechoka kubadilisha betri nzito. Kwa hiyo sekta ya mafuta ilikuwa inajua kabisa kwamba kitu hiki kinafanya kazi. Ilikitumia. Exxon ikaachana na biashara hiyo ya paneli mwaka 1984, ARCO, kampuni nyingine ya mafuta ya Marekani, ikaiuza yake kwa Siemens mwishoni mwa muongo huo, BP ikafunga kitengo chake cha sola mwaka 2011. Hawakuzika. Walishika kwa mkono wa kushoto, na mafuta yalipopungua bei wakaachia.

Serikali zilifanya hivyohivyo. Juni 1979 Rais Jimmy Carter alizindua paneli 32 za kupasha maji juu ya paa la Ikulu ya Marekani, na siku hiyo alisema wazi kwamba huenda zikaja kuwa kitu cha makumbusho, mfano wa njia ambayo taifa halikuipita. Mwaka 1986, enzi ya Ronald Reagan, paa lilipofanyiwa ukarabati zilishushwa na hazikurudishwa. Watu hulia juu ya zile paneli. Mimi ninaliona pigo kubwa zaidi mahali pengine: bajeti ya taasisi ya taifa ya utafiti wa jua ya Colorado ilikatwa vibaya tangu 1981, na nafuu ya kodi kwa wenye nyumba ikaachwa ife mwisho wa 1985.

Kwenye jangwa la Mojave, California, kampuni ya Luz ilikuwa imerudia wazo la Shuman karibu jinsi lilivyokuwa: mahori marefu ya vioo yanayofuata jua. Kati ya mwaka 1984 na 1990 ilijenga mitambo tisa yenye uwezo wa jumla ya megawati 354, na mitambo ilifanya kazi. Halafu gavana akaikataa sheria ya kuendeleza msamaha wa kodi ya mali, wawekezaji wakaingiwa na hofu, na mwaka 1991 Luz ikafilisika. Mtambo wa gesi haulipi kodi ya mali juu ya gesi ambayo haujaichoma bado. Mtambo wa jua, kwa sababu vioo vyake ndiyo "mafuta" yake ya miaka thelathini, hutozwa juu ya mafuta yote hayo siku ya kwanza. Kifungu kimoja cha kodi, kisichomtaja mtu, kinatosha.

Ndiyo maana nadhani uvumbuzi mkubwa zaidi wa umeme wa jua uliotoka Afrika Mashariki haukuwa wa maabara. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya vifaa vya sola kwa kulipa mdogo mdogo kupitia M-Pesa, kiasi cha kila siku kinachokaribiana na kile ambacho familia ilikuwa inamwaga kwenye mafuta ya taa. Paneli ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mama wa Siaya hakutakiwa tena kununua mafuta ya miaka kumi kwa mkupuo. Ule mzigo wa siku ya kwanza ulioiua Luz ukakatwa vipande vya shilingi. Na angalia ilivyo rahisi kurudi nyuma: sheria ya fedha ya Kenya ya mwaka 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwenye vifaa vya sola, bei ikapanda kwa asilimia 14 wakati kipato cha watu kimebanwa na korona, na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa baada ya malalamiko. Hakuna kampuni ya mafuta iliyomteka mtu hapo. Ulikuwa mstari mmoja kwenye jedwali la kodi, uliopita na nyaraka nyingine za bajeti, na wengi wetu tulikuwa tunagombana mitandaoni kuhusu George Cove.

Misri nayo ilirudi kwenye mahori ya vioo. Mwaka 2011, huko Kuraymat, kiasi cha kilomita 90 kusini mwa Cairo, ulizinduliwa mtambo wa megawati 140 wenye vioo vilivyokunjwa kama vile vya Maadi. Kati ya megawati hizo, 20 zinatoka kwenye jua. Nyingine zote ni za gesi.